Chura Wetu wa Mlangoni

4 Novemba

Nimeanguka kama gunia la viazi. Siku ya pili tu ya kuchuma zeituni, nyavu chini zimelowa, nami mwanamke wa miaka sitini na moja najitia kukimbia juu yake kama msichana. Mguu umevunjika juu kidogo ya kifundo. Wamenifunga plasta ngumu mpaka gotini na kuniambia nitulie hadi Januari. Kaka yangu Herminio amenibeba mgongoni ngazi zote, anahema, anazitukana zeituni, anamtukana daktari, mimi hanitukani. Ameniwashia jiko la makaa la kupasha miguu joto chini ya meza, akanipa daftari la dukani kwake. "Andika humo, Mina," kasema, "usije ukanimaliza kwa maneno."

5 Novemba

Mvua.

7 Novemba

Kutoka humu hakutokeki. Ngazi zinashuka moja kwa moja hadi dukani, nyuma ya kaunta, na mlango wa duka ndio mlango pekee wa nyumba. Tangu kiwanda cha ufinyanzi kilipofungwa nami nikakosa kazi, nakaa huku juu kwa hisani ya kaka. Chakula chake, makaa yake, paa lake. Halalamiki hata siku moja, na ndiyo maana mtu unashindwa hata kumnunia.

Dirisha langu liko juu ya mlango. Naona utosi wa kila anayeingia. Wanaume wa mji huu wanakwisha nywele, sikujua.

Na namwona chura. Yuko kizingitini upande wa kulia, wa kauri, kijani, mkubwa kama paka aliyeshiba. Nilimchora mimi mwenyewe mwaka kaka alipofungua duka, nikamletea zawadi. Vyura wote wa kiwandani walikuwa wamefunga midomo; huyu nilimpa tabasamu. Bosi akalipenda, akawaamuru wachoraji wote waige. Kazi ya chura kila mtu anaijua na hakuna anayeitaja: ni kuwazuia Wasigano. Hao wanakaa ng'ambo ya reli na kuuza nguo na viatu siku za mnada. Wapo nchi hii tangu kabla kanisa letu halijajengwa, lakini tukiwataja tunasema "wale". Eti kwao chura ni mkosi, hawapiti alipo. Duka la mkate lina wake, duka la dawa lina wake. Ukiuliza, utaambiwa ni pambo.

9 Novemba

Leo sina hamu ya kulala wala kula.

Asubuhi nilisikia sauti barabarani. "Mama! Bado u hai?"

Abilio. Mwanangu wa pekee, ambaye mwaka jana alitoroka na Soraia, binti wa Kisigano anayeuza viatu mnadani. Nililia kama nimefiwa. Kule kwao nao walilia, mama yake Soraia alisema binti yake amepotelea kwa watu wasio na adabu. Yaani sisi! Sasa wanakaa kwa mama huyo, na tangu siku ile Abilio hajakanyaga dukani.

"Panda juu uone mwenyewe kama ni hai!" nikamjibu.

"Sipandi, unajua. Mke wangu anapokatazwa, na mimi nimekatazwa."

"Nani kamkataza? Kuna mtu kafungua mdomo?"

Akamwonyesha chura kwa kidole. Bi Odete, jirani yetu, alikuwa amesimama na mkoba wake katikati ya mvua akijifanya anatafuta funguo.

"Soraia ni mjamzito," Abilio akasema. "Atajifungua Januari."

"Januari! Ndiyo unaniambia leo?"

"Hukuwahi kuniuliza habari zake, mama."

Odete na mtaa mzima walikuwa wanasikia. Nikaomba mtoto aletwe hapa akizaliwa, nimshike, nimeze dawa zangu kwa raha. Akafuta maji yaliyokuwa yanamchuruzika puani.

"Mlango kwanza, mama," akasema. "Mtoto wangu hataingia palipo na chura, na wewe hutamwona mpaka mlango huo uwe mlango."

Kisha akaenda zake. Jeuri yake ni ya marehemu baba yake, kasoro masharubu.

10 Novemba

Nimemwambia Herminio nitapata mjukuu. Kaniongezea makaa. "Damu ni damu," kasema. Chura sikumtaja.

17 Novemba

Tumepata njia. Nimefunga kikapu kwenye kamba, nakishusha dirishani. Abilio ameniwekea machungwa na chupa ya mafuta mapya ya zeituni, ya kijani, yenye kuwasha koo. Nami nimeshusha soksi mbili za kichanga. Watoto wa shule wakapiga makofi.

Herminio hakufurahi. "Sasa tumekuwa sarakasi," kasema.

28 Novemba

Mvua, mvua, mvua. Mjukuu wa kaka, Benedita, mwenye miaka minne, kaletwa huku juu nimwangalie. Akataka tucheze duka. Yeye mwenye duka, wanasesere watatu wamepanga foleni juu ya kitanda changu, vifungo vya shati ndiyo mikate. Kwenye ukingo wa mto kaweka kipande cha sabuni ya kijani.

"Hii sabuni ni ya nini?"

"Si sabuni, bibi. Ni chura."

Mwanasesere wa kwanza akapewa mkate. Wa pili naye. Wa tatu, yule wa nywele nyeusi, alipofika kwenye sabuni Benedita akamsimamisha kwa kidole.

"Wewe hapana."

"Kwani kafanya nini?"

Akanishangaa, kana kwamba nimeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Hajafanya kitu, bibi. Yeye ana chura."

Nikacheka. Naandika hapa kwamba nilicheka, mpaka plasta ikaniuma. Kisha nikamuuliza nani kamfundisha, akasema hakuna. Na ni kweli. Hajaambiwa neno. Amekaa tu dukani kila mchana akila biskuti.

Jioni nilimsimulia Herminio. Akacheka sana, akasema mtoto ana akili ya biashara. Sikukipenda kicheko chake, na kilikuwa kilekile changu cha mchana.

3 Desemba

Nimejiburuta kwa makalio mpaka juu ya ngazi. Ukikaa pale unaiona kaunta yote. Ilikuwa siku ya mnada. Mzee mmoja wa Kisigano aliingia. Wapo wanaoingia, hasa wazee wa kiume wasiojali tena. Akataka sigara. Alinyoosha mkono apokee chenji, na kaka akaiweka kwenye kisahani pembeni, taratibu, bila ukali. Mzee akaziokota sarafu moja moja. Aliyefuata, mwalimu, alipewa yake mkononi na kuulizwa habari za mkewe.

Nimekaa kwenye kaunta ile miaka mingi kila kiwanda kilipokuwa na likizo. Mkono wangu unaijua njia ya kisahani hata gizani. Leo ndiyo mara ya kwanza nimekiona kutoka juu.

4 Desemba

Nimekula supu ya mkate na giligilani. Chumvi nyingi.

12 Desemba

Nimepata akili! Jumapili duka linafungwa, na chura huingizwa ndani asije akaibiwa. Basi Soraia aje Jumapili, mlango utakuwa mtupu, apande, tuonane, tuyamalize. Nimemweleza Abilio kutoka dirishani kwa furaha kama niliyevumbua umeme.

15 Desemba

Abilio kaleta jibu la Soraia, kalisema neno kwa neno huku kaangalia viatu vyake. "Mwambie mama yako, Msigano akionekana anatoka kwenye duka lililofungwa, siku ya Jumapili, polisi watafika kabla sijafunga mlango."

Hilo halikunijia kichwani hata kidogo. Mimi hutoka dukani Jumapili nikitaka, na hakuna anayegeuza shingo.

24 Desemba

Mkesha wa Noeli. Herminio kapika samaki wa chumvi na kabeji, kaleta meza yote huku juu kwa ajili yangu, na mkewe, na Benedita. Ameimba. Sauti yake bado nzuri. Alinikatia kipande kinono cha katikati kama alivyofanya tulipokuwa wadogo na chakula hakitoshi, yeye akila mkia.

Ningekuwa na kaka mbaya ningejua la kufanya.

8 Januari

Plasta imetolewa! Mguu umebaki kama wa kuku. Nimepewa mkongojo. Ngazi hapana, kasema daktari, mpaka mwisho wa mwezi.

13 Januari

Amezaliwa. Msichana. Iolanda. Abilio alipiga kelele kutoka ile kona ya duka la dawa, akaanguka kwenye dimbwi, akainuka akicheka. Nimelia, nimecheka, nimeshusha kikapu na kila nilichofuma. Nikamwomba picha. Akatikisa kichwa. "Mama, usinifanye nivunje neno langu kwa mke wangu."

Kikapu kilipanda kitupu.

18 Januari

Zahanati iko mkabala na dirisha langu. Leo nimemwona Soraia akipita na kigari cha mtoto, kimefunikwa nailoni kwa ajili ya mvua. Nailoni imefunga mvuke kwa ndani. Nimeona kitu cheupe. Labda kofia yangu niliyofuma, labda blanketi.

19 Januari

Leo siku kubwa, acha niandike vizuri.

Soraia alirudi zahanati. Alipotoka nilishindwa kujizuia, nikafungua dirisha. "Soraia! Mwanangu! Nionyeshe tu! Mfunue kidogo!"

Akasimama. Akavuka barabara na kigari chake, polepole, akaja mpaka chini ya dirisha. Ni mfupi kuliko nilivyomkumbuka. Alimtazama chura, kisha akanitazama mimi.

"Hujambo, Bi Felismina. Mguu vipi?"

"Acha mguu! Njoo, pita, nitamwambia kaka amfunike huyo chura na kitambaa, usimwone. Usiogope."

"Unadhani namwogopa?"

"Si mnasema ana mkosi?"

Akacheka, na kicheko hakikuwa cha furaha. "Marehemu bibi yangu hata jina lake alikuwa halitaji, anatema mate. Mama yangu pia hampendi. Mimi nimekulia kwenye mahema kando ya mto, vyura wananirukia usoni nimelala. Simwogopi chura, Bi Felismina. Yule ni kibao. Mmeandika pale kwamba nisiingie, kisha mnaambizana ni mimi ninayeogopa. Ningeingia kila siku kama ingekuwa chura tu. Siingii kwa sababu najua kusoma."

Mvua inanipiga usoni.

"Nani kamchora?" akauliza. "Ana tabasamu. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, bora wangemnunisha."

Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Mimi."

Hakushtuka. Akarekebisha nailoni upande upepo unakotokea. "Abilio hajaniambia," akasema, akaenda zake.

Nimefunga dirisha. Miaka yote nimeamini Wasigano ni watu wa ajabu, wazima wanaogopa udongo. Na udongo huo niliupaka rangi mimi.

20 Januari

Nimemwomba Herminio amwondoe. Niliomba kwa adabu, nikisubiri amalize kula.

"Hapana, Mina."

"Ni mjukuu wangu, kaka."

"Najua. Nami naumia. Lakini nikimwondoa mimi peke yangu, kesho watasema Herminio kawakaribisha. Odete atanunua mkate kwingine. Mwalimu atanunua kwingine. Mimi sina chuki na mtu, unanijua. Kuna Msigano nimewahi kumtukana? Niambie hata mmoja."

Sikumkumbuka hata mmoja. Hajawahi.

"Ni pambo," akasema.

"Kaka, usiniambie mimi ni pambo. Nilimchora."

"Haya! Ulimchora!" Akasimama na sahani yake. "Ulimleta mwenyewe umemfunga utepe, ukaniambia, kaka, huyu atakulindia duka. Mimi hata sikuwazia. Leo mimi ndiye mbaya?"

Akashuka. Kwa mara ya kwanza hakuniongezea makaa. Na alichosema ni kweli, utepe ulikuwa mwekundu.

21 Januari

Hatuzungumzi. Mvua.

22 Januari

Hatuzungumzi. Upepo.

24 Januari

Nimekuwa nikitafuta wa kumlaumu, nami ni hodari wa kazi hiyo.

Mama, kwanza. "Ukitoka nje peke yako Msigano atakutia kwenye gunia lake." Niliogopa magunia mpaka nikaolewa. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza, aliyewaweka watoto wawili wa Kisigano benchi la nyuma kabisa na kufungua dirisha hata wakati wa baridi. Padri aliyewabatiza siku tofauti na sisi. Bosi wa kiwanda, ambaye hakuwahi kusema "vyura wa kuwafukuzia watu". Alisema "vyura wa maduka", tukaelewa. Baba yetu hakutufundisha lolote, alinunua tu kufuli kubwa kila ulipokaribia mnada. Hao wote walinifundisha bila kunikalisha chini, kama Benedita na biskuti zake. Ningeweza kuishia hapo, na nilitaka niishie hapo, nikapumzika kidogo.

Lakini wote niliowataja ni marehemu. Nimewatafuta mmoja mmoja: makaburini wote. Tabasamu hakuna aliyeniambia nilichore. Lilikuwa wazo langu mwenyewe, siku moja nikiwa na furaha, jua limeingia kiwandani. Nililiona zuri. Na sasa Soraia hawezi kumlaumu mama yangu, hamjui; ananijua mimi.

Hasira imenipanda, na sina pa kuipeleka. Nimeupiga ukuta kwa mkongojo. Herminio akauliza kutoka chini, "Umeanguka?" Ndilo neno lake la kwanza tangu siku ile. Nikamjibu sijaanguka.

27 Januari

Kigari kimepita tena. Mtoto alikuwa analia. Ana sauti nene.

31 Januari

Mtanisamehe mwandiko. Naandika kwenye meza ngeni.

Leo ilikuwa siku ya mnada. Nilisubiri duka lijae. Ningeweza kushuka alfajiri watu hawajaamka, nimchukue, nimtupe, niseme kaibiwa. Nililiwazia hilo usiku kucha, na lilikuwa rahisi mno. Nikavaa koti langu zuri. Nikashuka ngazi kwa makalio, kidato kimoja kimoja, mkongojo mapajani, mbele ya wanawake wote wa mtaa waliokuja kununua mkate.

"Mina!" Herminio akashangaa. "Daktari amesema..."

"Nipishe, kaka."

Nikapita kaunta, nikafika mlangoni, nikainama. Chura ni mzito kuliko nilivyokumbuka. Nikamkumbatia kwa mkono mmoja, mkongojo kwa mwingine.

"Jamani Felismina!" akasema Odete. "Kweli kabisa! Si ni chura tu!"

"Kama ni chura tu, Odete, basi nipishe nipite naye."

Herminio akatoka nyuma ya kaunta. Alikuja karibu, akasema kwa sauti ya chini wasisikie, lakini walisikia. "Ulinipa zawadi. Zawadi hairudishwi."

"Nimekosa adabu, kaka. Naichukua."

"Mina, nakuomba. Mbele za watu. Mweke chini, jioni tutazungumza."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. Miguu ikataka kurudi, naapa, mguu mzima na mbovu. Nikasema, "Tumezungumza miaka yote, kaka, na yeye akiwa mlangoni."

Akafuta uso kwa aproni. "Ukitoka naye, usinisumbue tena na ngazi."

Nikatoka.

Kutoka dukani mpaka ng'ambo ya reli ni mwendo wa sigara moja kwa mtu mwenye miguu mizima. Kwangu ilikuwa safari. Manyunyu. Watu wa mnada walinitazama: bibi kizee anachechemea, kamkumbatia chura wa kauri kama mtoto. Wengine walicheka. Nilijiona shujaa, lazima niseme ukweli. Njia nzima nilikuwa naona uso wa Soraia utakavyong'aa, na mama yake akinifungulia mlango, na mtoto mikononi mwangu kama malipo.

Nikafika uani kwao. Watoto waliokuwa wakicheza walipiga ukelele mmoja, wakatawanyika. Mlangoni akatokea Bi Adelaide, mama yake Soraia, kavaa nyeusi kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Simama hapo hapo!"

"Bi Adelaide, ni mimi, mama yake Abilio."

"Nakujua wewe ni nani. Nauliza huyo uliyekuja naye."

Nikamtazama chura. Chura akanitabasamia.

"Miaka yote mmemweka kwenye milango yenu," akasema Bi Adelaide. "Hamkutosheka? Leo mmemleta kwenye wa kwangu?"

Mungu wangu! Halikunijia. Njia nzima halikunijia! Nimembeba mpaka mlangoni mwao, kwenye nyumba yenye mzazi na kichanga, kwa mkono wangu mwenyewe.

"Nimemtoa!" nikasema. "Nimekuja kuwaonyesha kwamba nimemtoa!"

"Umekuja tukupigie makofi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Soraia alikuja akasimama nyuma ya mama yake, kambeba mtoto kwenye shali. Abilio akajipenyeza kati yao akiwa na soksi tu miguuni. "Nipe mimi, mama, nikamtupe."

"Mwache," Soraia akamwambia. "Ni wa kwake."

Nikatafuta pa kumweka. Uani hapana, ni kwao. Njiani hapana, watoto wanapita. Mkono umekufa ganzi, mguu unawaka moto, na yule mnyama hana pa kukaa duniani ila kwangu. Nikageuka. Nikarudi mpaka relini, nikamshika miguu yake ya nyuma, nikampiga kwenye chuma. Mara ya kwanza hakuvunjika, tulikuwa tunachoma udongo vizuri kiwandani. Nikampiga tena na tena nikilia kwa sauti, sijali nani ananiona. Kisha nikapiga magoti na kuokota vipande vyote kwenye koti langu zuri, visije vikamkata mtoto wa mtu, nikavitia kwenye pipa la taka la stesheni. Kipande cha mdomo kilikuwa kizima. Nikakivunja kwa kisigino.

Nikarudi. Nilisimama nje ya mlango wao kwenye mvua, na safari hii sikuomba kitu. Sijui muda gani. Bi Adelaide alikuwa ananiona dirishani.

"Nawa mikono," akasema mwishowe, akanionyesha bomba la uani. Nikanawa. Maji ya barafu.

Ndani kuna joto na harufu ya kahawa. Alimimina kikombe. Nikanyoosha mkono nipokee. Aliuona mkono, uko pale umenyooshwa, na kikombe akakiweka ukingoni mwa meza, taratibu, bila ukali. Nikakijua kisahani. Nikashusha mkono, nikachukua kikombe mezani, nikasema asante.

Nilipomaliza kunywa, Soraia aliinuka bila kumuuliza mtu na kunipakatisha Iolanda. Mzito! Nywele nyeusi tii. Nikamgeuza kichwa kidogo nimwone vizuri, nikatoa kicheko na kilio kwa pamoja.

"Nini?" Abilio akaogopa.

"Ana masikio ya Herminio," nikasema. "Yote mawili."

Hakuna aliyecheka. Nami nilimtamani kaka yangu aje ayaone.

1 Februari

Nimelala kwenye kochi. Bi Adelaide hanisemeshi. Ananiwekea chakula mezani.

3 Februari

Odete kaleta nguo zangu mpaka relini, kamkabidhi Abilio, hakutaka kuvuka. Zimepigwa pasi. Kapiga Herminio mwenyewe, naijua mikunjo yake. Hakuna salamu ndani.

Abilio amepita nje ya duka. Kaka ameweka vyura wawili, mmoja kila upande wa mlango. Wapya. Nikamuuliza wana sura gani, ingawa nilishajua.

"Wanatabasamu, mama."

Kiwanda kilifungwa, mimi nikaenda nyumbani, na tabasamu langu likabaki kwenye maghala na madukani, linauzwa. Nimekaa nalo hilo siku nzima, sina pa kulitua.

Jioni Bi Adelaide alikuwa anamenya viazi. Bila kuinua kichwa akauliza, "Ulichora wangapi, wewe?"

Ni mara ya kwanza kuniuliza kitu. Nikasema sijui, mamia, na walioigwa na wenzangu sina hesabu.

"Basi kumbuka," akasema, akanisukumia kisu na beseni.

Nikachukua kiazi. Nikaanza kuwataja, mlango kwa mlango, kuanzia duka la mkate.